Jina Kwenye Mlango wa Pijo

Siku hizi gari likikohoa, fundi hufungua boneti, hung'oa kitu, hutupa, huweka kipya. Hajui alichotupa kilikuwa na ugonjwa gani. Darweshi wa mtaa wa Bondeni hakuwa fundi wa namna hiyo. Yeye aliweka ncha ya bisibisi juu ya injini, mpini akaubandika sikioni, akafumba macho akasikiliza. Kisha alisema, "Silinda ya tatu," na kweli ikawa ya tatu. Watu wa aina hiyo wamekwisha, na Nakuru haina habari kwamba imepoteza kitu.

Alizaliwa hapo hapo mjini. Baba yake, Saad, alikuwa mwashi aliyepanda bara na reli kutoka pwani, akaoa, akabaki. Nusu ya maduka ya barabara kuu yalijengwa kwa mikono ya Saad, na hakuna jiwe hata moja lililoandikwa jina lake. Waliandikwa waliolipa. Darweshi alikua akipita chini ya majina hayo kila siku.

Kazi ya magari alifundishwa na Thuo, fundi mkuu wa gereji moja nyuma ya soko. Ikaja Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka Mau Mau, na asubuhi moja askari wakampakia Thuo kwenye lori pamoja na Wakikuyu wengine wa mtaa. Hakurudi. Spana zake zilibaki zimetundikwa ukutani kwa mpangilio wake mwenyewe, na Darweshi akawa fundi mkuu. Kupanda cheo kwa njia hiyo hakumfurahishi mtu mwenye haya.

Mwaka wa 1956, Bwana Hallam, mzungu wa ngano kutoka Njoro, alileta gari lake, Pijo nyeusi, gereji. Klabu ya wazungu ya magari ilikuwa imeweka kombe la mashindano matatu: kupanda mlima Menengai kwa kasi, kuzunguka uwanja wa mbio upande wa Gilgil, na safari ya matope kupitia Molo na Keringet wakati wa mvua kubwa. Gari lazima liwe lile lile, na alama za mashindano yote zijumlishwe.

"Gari moja, kazi tatu," alisema Hallam kwa kile Kiswahili chao cha kuamrisha. "Wewe naweza?"

"Naweza, Bwana. Lakini ni kama kumtaka mtu mmoja awe bwana harusi, mchimba kisima na mkimbiaji."

"Mimi hapana uliza harusi. Nauliza gari."

Shida ilikuwa kwamba kila shindano lilichukia jingine. Mlima ulitaka wepesi. Uwanja ulitaka gari liiname karibu na ardhi na tairi ziwe ngumu. Matope yalitaka gari lisimame juu, springi ziongezwe bamba, chini kufungwe bati nene la kukinga injini, na mizigo ya minyororo, sepetu na madebe ya petroli. Darweshi alitengeneza springi za kufunga na kufungua. Aliondoa kiti cha nyuma akakiwekea miguu inayochomoka. Lakini alichojivunia zaidi ni milango. Aliunda milango mipya ya alumini, isiyo na kioo wala kitasa, mtu angeweza kuibeba miwili kwa mkono mmoja. Hiyo ilikuwa ya mlima na uwanja. Ile mizito ya kiwandani ilikuwa ya matope, kwa sababu ya baridi na maji. Bawaba alizichonga upya ili mlango mmoja uondoke na mwingine uingie kabla chai haijapoa.

Hallam alipoona kazi hiyo alicheka kwa furaha, akampiga begani. "Nataka nini wewe? Sema."

Darweshi alikuwa na jibu tayari tangu utotoni. "Tukishinda, Bwana, jina langu liandikwe mlangoni, chini ya lako."

Hallam alimtazama kidogo. "Jina tu?"

"Jina tu."

"Haya. Shinda, mimi naandika."

Jioni alimweleza mkewe, Kuluthum. Mama huyo ulimi wake ulikuwa haulali.

"Jina mlangoni," alisema. "Si ungeomba mlango wenyewe? Nyumba hii haina."

"Utacheka, lakini watu wataliona."

"Watu wa Bondeni wanakuita Darweshi wa Hallam. Hata mbuzi huitwa hivyo, kwa jina la anayemfuga."

"Ndiyo maana nalitaka langu."

Kuluthum aliacha mzaha. Alimfahamu baba mkwe wake kabla hajafa, na alijua maneno hayo yalikotoka.

Kule Menengai, Pijo ilishika nafasi ya pili. Uwanjani ikawa ya tatu, tena baada ya Hallam kukosea giya. Yote yakabaki kwenye matope, na matope yakaangukia mwezi wa Ramadhani.

Safari hiyo kila gari liliruhusiwa kuchukua fundi. Darweshi alikula daku, akapanda kiti cha kushoto. Njoro waliipita kabla jua halijatoka vizuri. Baada ya Molo barabara ilikuwa uji. Magari mawili waliyakuta yamelala mtaroni kama ng'ombe wagonjwa. Pijo iliyapita, springi zikifanya kazi yake, na Darweshi, koo kavu, alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tena.

Walipoiacha Keringet nyuma, alasiri, injini ikakohoa ikazima. Maji yalikuwa yameingia kwenye petroli na uchafu ukaziba bomba. Palikuwa na njia moja ya haraka: kulifungua bomba na kulivuta kwa mdomo mpaka uchafu utoke.

Darweshi alishika bomba, kisha akamnyooshea Hallam. "Bwana, leo nimefunga. Vuta wewe mara moja tu, nami nitafanya yaliyobaki."

"Mimi hapana nyonya bomba. Hii kazi yako."

"Ni mara moja, Bwana."

"Nataka jina ao hapana taka?"

Nyuma yao, ng'ambo ya kilima, gari jingine lilisikika likinguruma. Darweshi alipiga magoti kwenye matope, akavuta. Uchafu ulitoka kwa ghafla na petroli ikamjaa mdomoni, nyingine ikapita kooni. Alitapika kando ya njia. Kisha, kwa kuwa koo liliwaka moto, akakinga maji ya mvua kwa viganja, akanywa. Akafunga bomba. Injini ikashika kwa mpigo wa kwanza.

Walifika Nakuru mbele ya wote, na kombe likawa la Hallam.

Usiku huo Kuluthum alimwekea uji akaona haugusi.

"Si ulikuwa safarini? Msafiri ana ruhusa ya kufungua."

"Msafiri ana pahali anapokwenda," alisema Darweshi. "Sisi tulizunguka tu tukarudi tulikotoka."

Siku ile aliilipa kwa kufunga baada ya Idi. Ilikwisha kama siku nyingine, lakini kwake haikuwa sawa na iliyopotea.

Hata hivyo Hallam alitimiza ahadi. Odero, mchoraji wa vibao vya maduka, aliitwa gereji, naye akaandika kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa upande wa dereva: R. HALLAM, na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, DARWESHI SAAD.

"Nikuongezee ua pembeni?" Odero aliuliza.

"Usiongeze kitu. Herufi ya D iweke wima."

Darweshi aliipitisha Pijo Bondeni polepole, ati anajaribu breki. Breki hazikuwa na lolote. Wazee walitoka msikitini wakasimama. Kuluthum alitoka mlangoni, akasoma herufi moja moja kwa kidole bila kugusa, akasema, "Laiti Mzee Saad angeiona hii." Alisema hayo tu, akaingia ndani haraka.

Hazikupita siku nyingi, Hallam akaja gereji na habari. Klabu ingetoa kombe hadharani, uwanjani kule, mbele ya wageni na wapiga picha, na washindi wangezunguka mara chache kuwaonyesha watu.

"Weka springi chini," alisema. "Weka tairi ngumu. Weka mlango ya alumini."

Darweshi alibaki na kitambaa mkononi. Yeye aliyeijua kila boliti ya gari hilo, aliyezichonga bawaba zile kwa tupa ili mlango utoke upesi, hakuwa amefikiri hata mara moja kwamba jina lake liliandikwa kwenye kitu cha kuondolewa. Aliona majina ya wazungu milangoni mwa magari ya mashindano, akataka lake liwe hapo.

"Na jina, Bwana?"

"Jina gani?"

"Langu. Tulikubaliana."

"Jina iko," alisema Hallam, na hakuwa anadhihaki. "Iko kwa mlango. Nani nafuta?"

Hakuna aliyekuwa amelifuta. Darweshi alichukua spana ya Thuo akafungua mwenyewe, boliti mbili juu, boliti mbili chini, na kweli kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Kwenye alumini Odero aliambiwa aandike jina moja, la Hallam. Ndilo lililotoka kwenye picha.

Milango mizito ilipelekwa shambani Njoro. Pijo ikauzwa kwa mtu wa mbali pamoja na milango yake myepesi, na Darweshi hakutengeneza tena gari la mashindano. Wazungu wengine walimwomba. Aliwaambia macho yake yamechoka.

Wazungu walipoanza kuuza mashamba na kuondoka, Kimaiyo, aliyekuwa nyapara wa Hallam, alifika gereji na trekta. Alimwangalia Darweshi kwa kicheko alichokuwa amekibeba tangu Njoro.

"Wewe ndiye Darweshi Saad? Mzee, kuku wetu wanalala kwako."

Darweshi alimfuata mpaka huko. Banda la kuku lilikuwa nyuma ya ghala la ngano, na mlango wake ulikuwa ule wa Pijo, umepigiliwa misumari kwenye bawaba za ngozi, upande wa rangi ukiangalia ndani. Mvua haikuyafikia maandishi. Jina la Hallam lilikuwa limefunikwa na mavi ya kuku, kwa kuwa ufito wa kulalia ulipita usawa wake, mikia ikiugusa mlango. Lake, lililokuwa chini, lilisomeka vizuri kabisa.

"Uchukue ukitaka," alisema Kimaiyo, kicheko kimemwisha.

Darweshi alijaribu mlango. Ulikuwa umelala upande mmoja, ukikwaruza ardhi.

"Nikiuchukua watalala wapi?" alisema. "Ukifunga, uinue kidogo hivi. Usiuburute."

Akauinua, akaufunga, na ulifungika bila sauti.