Masikio ya Mume Wangu

Mume wangu anaitwa Masikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na waongoza wageni wenzake, enzi zile alipokuwa akisimama katikati ya msitu, ananyoosha kidole na kusema, "Yule pale, nyuma ya jani kubwa," kabla mtu hajaona hata unyoya. Wageni huja kisiwani kwetu kutazama ndege, na yeye ndiye anayewaonyesha. Watu wakisikia kazi yake ni ndege, wakaniuliza mumeo yuko kiwanja gani, nawajibu si ndege inayobeba abiria, ni ndege anayebeba tumbo lake mwenyewe. Wanacheka, nami narudi kwenye cherehani yangu.

Basi huyo Masikio ndiye aliyeanza kufa masikio. Nilijua mimi kwanza, na nilijua kwa hasira. Nagombana naye juu ya bomba la jikoni linalovuja, yeye ananitikisia kichwa na kutabasamu. Nikadhani dharau. Loo, nilimtolea maneno yote niliyokuwa nayo! Mpaka siku moja amenipa mgongo anafunga viatu, nikamwita, nikaita tena, nikapiga makofi, mtu kimya. Nikakaa kitandani.

"Usimwambie mtu," alisema nilipombana. "Wakijua, msituni sirudi tena."

Nilimwelewa. Kule kwenye mashamba ya chumvi, karibu na bahari, ndege wenye miguu mirefu wanasimama peupe, macho yanatosha. Msituni ni majani juu ya majani, ndege humwoni mpaka umsikie. Na moyo wa mume wangu uko msituni.

"Sasa utafanyaje?" nikamuuliza uso kwa uso, asome midomo.

"Twende wote."

Mimi, jamani! Mimi niliyejua kuku na kunguru basi. Lakini nilikwenda, tukamwambia msimamizi wa waongoza wageni kwamba nambebea mume wangu chupa za chai. Nikajifunza ndege kwa akili yangu ya jikoni. Mmoja sauti yake ni sufuria inayosuguliwa. Mwingine ni mlango wa stoo usiotiwa mafuta. Wa tatu ni mama mkwe akisafisha koo, na huyo sikumwambia mume wangu nimempa jina gani, nilikohoa tu kwa vitendo. Nasimama nyuma ya wageni, nikisikia kitu nasugua hewa, kisha naelekeza kwa kidevu. Yeye ananitupia jicho, anamtaja ndege, anaonyesha mti. Mama mmoja mgeni aligeuka ghafla akanikuta nahangaika na mikono, akanipa dawa ya kupaka ya muwasho. Nikaipokea, nikashukuru, na habari ya muwasho wangu ikamfikia hata msimamizi.

Tukaenda hivyo hivyo, mpaka asubuhi moja msimamizi akaamua kufuatana nasi. Ni mtu mkali, ila hana roho mbaya. Wageni walikuwa wawili, na walimtaka kurumbiza, yule wa manjano anayependa kujificha. Tulisubiri sana. Kisha akaimba juu yetu kabisa.

Sikuwahi kumsikia. Huyo ndiye ndege ambaye mume wangu alinisimulia tangu uchumba, eti siku nikimsikia nitamwacha yeye nimfuate ndege. Sasa nimesimama chini yake nasikia kila kitu, na aliyempenda yuko mbele yangu anahangaika kusoma nyuso za watu. Sikuonyesha chochote. Nililia tu.

Masikio akageuka, akaona shavu langu limelowa, akauliza kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia: "Chozi?"

Lugha yetu nayo! Chozi ni hili la jicho, na chozi ni kale kandege kadogo kenye mdomo uliopinda, kanakonyonya maua. Msimamizi akaduwaa.

"Chozi wapi, Masikio? Huyo ni kurumbiza! Si huyo anaimba juu ya kichwa chako?"

Mume wangu hakujua kama anaongeleshwa. Alikuwa bado ananitazama mimi. Msimamizi akasogea nyuma yake, akamwita kwa sauti, akapiga makofi karibu na sikio lake. Wageni wakainamisha vichwa.

"Anaimba?" mume wangu akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akamgeukia msimamizi. "Sisikii, bosi. Muda mrefu sasa."

Msimamizi alivua kofia, akaivaa tena. Akaongea polepole, uso kwa uso. "Kuanzia kesho nenda kwenye chumvi. Macho unayo. Msitu hapana, kaka. Nisamehe." Kisha akanigeukia. "Na wewe shemeji, kumbe ulikuwa huwashwi."

Tulipofika nyumbani, alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni na viatu vyake vya matope, akaniuliza, "Alikuwa anaimbaje?"

Nikachukua vidole vyake nikaviweka kooni kwangu, nikaufuata wimbo ule kwa mdomo uliofumbwa. Alifumba macho. Nilipomaliza akakunja uso.

"Umekosea mwisho," alisema. "Mwisho anapanda, wewe umeshuka. Anza tena."