Fundi Sindano na Matone ya Mjukuu

Wateja wapya hudhani fundi anaitwa Sindano kwa sababu ya cherehani, naye huwaacha na dhana yao. Wa rika lake ndio wanaojua kwamba jina alibandikwa utotoni, mguu wake wa kushoto uliponyauka. Alishikwa na homa, mama akambeba hadi zahanati, akachomwa sindano ya tako, na tangu hapo mguu ukagoma kumtii. Hadithi hiyo mama aliisimulia mpaka anaingia kaburini, na kila mara aliimaliza kwa kilio: "Nilimpeleka mwenyewe!"

Fundi akakua, akajifunza kuendesha cherehani kwa mguu mmoja, akaoa, akapata binti, na nyumbani kwake mtu wa chanjo akawa haonyeshwi hata kigoda. Tena alikuwa mkali! Binti alikua bila chanjo, akasalimika kwa bahati tu.

Sasa binti yuko kazini, mjukuu yuko chini ya meza anachezea vipande vya vitambaa, na mlangoni amesimama msichana mwenye kisanduku cha baridi begani.

"Shikamoo, babu. Tunapitisha matone ya polio kwa watoto wadogo."

"Marahaba. Polio si mlitangaza imekwisha?"

"Ilikwisha. Imeonekana tena kwenye maji taka ya mtaa wa nyuma."

"Anaumwa nani?"

"Hakuna anayeumwa, babu."

Fundi akaondoa mguu kwenye kanyagio. Ugonjwa uko mtaroni, mgonjwa hayupo! Alimtazama msichana usoni aone kama kuna utani. Hakukuwa na utani.

"Mwanangu, umenichanganya kabisa."

"Virusi hukaa tumboni mwa watoto wengi bila dalili yoyote, vikatoka na choo. Wanaopooza ni wachache. Sasa hatutaki kungoja huyo mmoja."

"Na mimi je? Mimi nilipoozeshwa na nyinyi, kwa sindano yenu!" Akapandisha suruali, akauonyesha ule mguu mwembamba.

Msichana hakurudi nyuma. Aliutazama, kisha akauliza taratibu, "Siku hiyo, babu, ulikwenda zahanati unatembea?"

"Nilibebwa na mama yangu mgongoni, nimeshakwambia..." Hakuwa amemwambia.

Kwa nini alibebwa? Alikuwa mtoto mkubwa, anapanda miti, anatumwa dukani. Mama alikuwa mwembamba, na njia ilikuwa ndefu. Akakumbuka asubuhi ile alivyoteremka kitandani kwenda kukojoa, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena, akacheka, akidhani mguu umekufa ganzi. Na zahanati walikuwa bado hawajaiona.

"Kwa hiyo sindano haikufanya kitu?"

"Hapo siwezi kukuapia. Kumchoma mtoto ambaye virusi vimeshamwingia huenda kuliongeza ubaya. Lakini ugonjwa uliitangulia sindano, babu."

Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Yule daktari wa zahanati aliyemchoma? Homa? Huyu binti wa watu aliyekuja na kisanduku chake kuvuruga mambo yaliyotulia? Halafu akamfikiria mama, na hapo ndipo alipoumia hasa. Siku za mwisho mama alimshika mkono akamwomba msamaha kwa ajili ya ule mguu, naye akamsamehe, tena kwa moyo mweupe, akajiona mwana mwema. Alimsamehe nini? Mwanamke wa watu alikwenda zake akiwa amesamehewa kosa ambalo hakulitenda.

"Hayana sindano hayo?"

"Ni matone tu, mdomoni."

Fundi aliinama kwa shida, akamvuta mjukuu kutoka chini ya meza, akampakata. Mtoto huyo amerithi jina la mama yake fundi, na kwa sababu hiyo hamwiti vingine ila "mama".

"Fungua mdomo, mama."

Mtoto akafungua. Matone yakaingia, sura ikakunjamana, msichana akampaka wino kwenye kidole cha mwisho. Fundi hakumwachia. Alimkumbatia, akamnong'oneza sikioni.

"Nisamehe, mama."

Mtoto akajilamba midomo, akafikiri kidogo.

"Si machungu sana, babu," akasema.