Njaa ya Mama Kapinga

Kanisa linasema Ijumaa za Kwaresima watu wasile nyama. Sheria nzuri, ila aliyeitunga hakuwahi kuishi Kalemie, mji wa ziwani ambako samaki ni chakula cha kila siku na nyama ya ng'ombe huonwa kwenye arusi, tena kwa mbali. Kumwamuru mtu wa huku aache nyama ale samaki ni sawa na kumfungia mbuzi katika shamba la mihogo na kumwambia atubu.

Kwa hiyo mwaka huu, Jumatano ya Majivu, Papa Hippolyte (si yule wa Roma, huku kila baba ni Papa), prezida wa shirika, jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, alisimama mbele ya kaya zake kumi na nane na kusema, "Sisi hatutamudanganya Mungu. Tunaacha mukebuka. Siku makumi ine, kila muntu, kila nyumba."

Watu waliguna. Mukebuka ni samaki mwembamba wa ziwani; akikaangwa vizuri na bugali ya moto, mtu husahau hata wakwe zake. Wa kwanza kunyoosha mkono kukubali alikuwa Mama Kapinga, mjane anayekausha na kuuza samaki haohao nyuma ya nyumba yake.

Alifunga kwelikweli. Mchana mikono ilinuka mukebuka, jioni kinywa kilikula maharagi. Majirani walipoacha kununua kwake, hakununa. Alifurahi: kumbe shirika linafunga! Samaki wake akawauzia wachuuzi waliotoka mji wa Kabimba. Na kila jioni rafiki yake Angélique alikuja, akaketi naye mkekani, akadonoa maharagi na kushusha pumzi. "Ee dada, hii Kwaresima itatuua."

Ijumaa ya juma la nne, Angélique hakufika kwenye Njia ya Msalaba. Ati kichwa. Mama Kapinga akambebea sombe, mboga ya majani ya mihogo, akapitia upande wa jikoni kama walivyozoea.

Watu watano walikuwa wameizunguka beseni moja. Mkia wa mukebuka ulining'inia mdomoni mwa Papa Hippolyte.

"Karibu, Mama Kapinga," akasema prezida. Adabu ilitangulia akili.

"Tangu lini?"

Angélique aliiangalia bugali. "Tangu juma la pili. Papa prezida alitufungulia. Tulikuwa tunakonda."

"Na mimi, nani alinifungulia?"

Papa Hippolyte aliutoa ule mkia, akajipangusa vidole. "Wewe mama ulikuwa unaweza. Muntu mumoja akifunga kwa nguvu, Mungu anahesabu shirika lote. Siye mwili mumoja, Mutakatifu Paulo ndiye alisema. Na kwa Padri nimekwisha kuandika kama shirika letu limefunga. Jumapili ya Matawi atatusifu mbele ya paroki nzima. Si uongo, mama. Wewe uko ndani."

"Na hawa samaki mulinunua wapi?"

"Kwa Fanny, muchuuzi wa kule bandarini," Angélique akajibu taratibu. "Hatukutaka kukuumiza."

Hapo ndipo palipomchoma. Majuma mawili rafiki yake alikuja mkekani ameshashiba, akamhurumia kwa sauti, akamlia na maharagi yake.

Mama Kapinga aliweka sombe chini. Akanawa mikono, akavuta kiti kifupi. Wote wakapumua.

"Ndiyo vile, mama," Papa Hippolyte akatabasamu. "Tuko pamoja."

Akaivuta beseni yote hadi magotini pake. Akala samaki wa kwanza, akala wa pili. Alipomshika wa tatu, tabasamu la prezida lilianza kulegea.

"Lakini mama... sasa nani anabaki anafunga?"

"Pasaka bado juma mbili, Papa. Muanze ninyi."

"Na Padri nitamwambia nini?"

Mama Kapinga akamng'ata yule wa tatu. Hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono kwenye beseni. Angélique alimsogezea kikombe cha maji. Hakukigusa wala kumtazama aliyekileta. Majuma manne alikuwa akimwota samaki huyu. Sasa alikuwa mdomoni, hana ladha hata kidogo, na Mama Kapinga akaendelea kumtafuna.