Dévote na boti lililonunuliwa kubatizia

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia bwawa, na Dévote Mulenda anakata kucha.

Anaanza na za mikono, kisha za miguu. Anakata kwa wembe, taratibu, kama bibi harusi asiye na haraka na bwana wake. Akimaliza anavua hereni, anachomoa pini iliyoshika kitenge kiunoni, anafunga fundo badala yake. Vyote vinaingia kwenye kopo la siagi lililokwisha siagi siku nyingi.

"Na pete?" anaulizwa.

"Pete haina meno," anajibu bila kuinua kichwa. "Kitu yote yenye meno inabaki inje. Hata we, kama unataka kupanda, lete miguu nione."

Miguu ya mwandishi inakaguliwa na kukataliwa papo hapo.

Hapa ni kijiji kimoja upande wa Mitundu, kusini mwa Lilongwe. Chombo chenye masharti haya yote kimelala majanini: boti dogo la mpira, la kujazwa upepo, refu kuliko kitanda kwa kipande kidogo tu. Zamani lilikuwa la rangi ya chungwa. Leo linafanana na boga lililochemshwa mara mbili. Lina viraka kumi na kimoja, na kimojawapo kilikatwa kwenye koti la mvua la mtoto, kwa hiyo upande wa kushoto kuna bata wa njano anayecheka.

Dévote ana miaka arobaini na sita. Ni mkimbizi kutoka Fizi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na anaishi kambi ya Dzaleka tangu mwaka 2013. Mumewe alifariki kwa malaria mwaka wa pili wa kufika kambini. Alimwachia watoto watatu, cherehani moja, na baba yake mzazi, mzee Eliezer, ambaye sasa ana miaka sabini na tisa na bado anatoa amri kama nahodha.

Siku tano za wiki Dévote anashona nguo. Alhamisi, usiku wa manane, akiwa na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, anakunja boti, analitia kwenye gunia, analifunga juu ya baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria, hadi barabarani, kisha anaanza safari ya kushuka na kupanda magari mpaka hapa. Kwenye magari boti hulipa nauli yake.

"Makonda banaliita 'abiria hasiye sema'," anasema. "Lakini pesa banachukua."

Alhamisi hii si kama nyingine. Kesho kutwa ni Jumamosi, na Jumamosi hiyo itaamua kama Dévote anabaki na boti au hana tena.

Ili kuelewa hilo, lazima mtu arudi nyuma miaka mitatu, siku kanisa lao la Dzaleka lilipokuwa likitafuta birika la ubatizo.

Mto hauko karibu, na pipa walilokuwa wakitumia lilimtosha mtu mpaka magoti tu. Dévote alikuwa amekwenda sokoni Area 25, Lilongwe, kuuza magauni, akaliona boti. Muuza makochi alikuwa amelifunika juu ya bidhaa zake zisinyeshewe. Mwanamke aliyekulia kando ya ziwa, aliyeona mitumbwi tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, alilitazama juu na chini, akaligonga kwa kidole, na hakuona chombo cha majini. Aliona beseni.

"Kwetu mutumbwi ni mubao. Kitu laini vile, na iko mviringo, mi nikasema: Mungu iko mwema, njo birika ya kanisa," anasema, na kujicheka mpaka pampu inamtoka mguuni.

Akina mama kumi na watatu wa kwaya walichanga kwacha elfu tano kila mmoja. Jumapili iliyofuata boti lilijazwa upepo uani mwa kanisa, kisha likajazwa maji, ndoo sitini na tatu. Waumini sita walibatizwa vizuri. Wa saba alikuwa Evariste, fundi matofali, mwanamume mwenye mwili wake. Alipoketi, sakafu ikaachia mshono. Maji yakaingia kanisani kabla Evariste hajaokoka, yakapita chini ya madawati, yakatokea mlango wa mbele.

Mzee Eliezer alikuwa amekaa nje kwenye kigoda chake. Aliyatazama maji yakipita kati ya miguu yake, akasema maneno ambayo Dzaleka bado inayarudia:

"Munaweka maji ndani. Hii kitu, maji inakaa inje."

Ndipo kanisa zima likatambua limenunua boti.

Wengine walitaka liuzwe. Dévote akaomba aliazime, akavue samaki. Hapo likazuka jambo jingine, kwa kuwa kwao Fizi wanawake huparua samaki, huanika dagaa, hushona nyavu, lakini hawaingii mtumbwini.

"Mwanamuke akipanda mutumbwi, samaki banakimbia. Njo vile tulifundishwa," anaeleza. "Mi nimeshona nyavu miaka kumi na moja. Ndani ya mutumbwi sikuweka hata kidole."

Kesi ilipelekwa kwa Eliezer, mvuvi pekee wa kweli pale mtaani. Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akaita watu.

"Mutumbwi ni kitu kilitoka kwa muti," akasema. "Sasa hii mupira ilitoka kwa muti gani? Munionyeshe muti. Hakuna. Basi hii hapana mutumbwi. Dévote anaweza kupanda."

Hakuna aliyethubutu kumwambia mzee kwamba mpira nao una mti wake.

Masomo yalifanyika nchi kavu. Kwa miezi miwili Dévote alikaa juu ya benchi lililopinduliwa katikati ya ua, akipiga makasia hewani kwa kipande cha ubao, huku baba mkwe akipaza sauti: "Wimbi kushoto! Kushoto, nimesema!" Majirani walidhani msiba umempanda kichwani.

Kuogelea hakufundishwa. Mpaka leo hajui. Anafunga madumu mawili ya mafuta kiunoni, moja kila upande.

Kanisa lilimpa boti kwa sharti moja: lirudi kila Pasaka kubatizia. Mara mbili limerudi, na mara mbili maji yameufungua mshono uleule wa sakafu. Dévote ameuziba kwa gundi ya mafundi viatu na tepe tatu. Yeye ni fundi cherehani, anaujua mshono uliochoka.

"Mara ya tatu haitakubali," anasema.

Mwaka jana, kwa hiyo, alikwenda kwa mchungaji Gélase na pendekezo lake. Atajenga birika la matofali, la kudumu, na kanisa limwachie boti liwe lake kabisa. Baraza likakubali, likaweka siku: birika liwe limepigwa plasta Jumamosi hii, lipate wiki mbili za kukauka kabla ya Pasaka. Plasta isipoisha, boti linajazwa maji. Wanaosubiri kubatizwa ni ishirini na saba.

Kuta zimesimama. Imebaki mifuko miwili ya saruji, ambayo tangu Krismasi imepanda kutoka kwacha elfu kumi na nane hadi elfu ishirini na nne kwa mfuko. Alhamisi njema, akitoa nauli, humwachia Dévote elfu ishirini na tano. Fedha ya cherehani huishia kwenye unga wa nsima, ugali wa huku, na daftari za shule.

Saa kumi na mbili boti linaingia majini. Dévote anakaa katikati, miguu juu ya tandiko la magunia, ndoo yenye mfuniko mbele yake, koleo ya fundi umeme imefungwa kwa kitambaa begani. Boti halina sauti hata kidogo.

Hilo lilimshangaza sana Eliezer, anasema Dévote. Tanganyika wavuvi hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia kuwatisha samaki waelekee wavuni. Boti hili ukiligonga linajibu kama tumbo la mtu aliyeshiba. Dévote akaacha nyavu, akashika mshipi na ndoana. Kumbe samaki hawasikii akija, wala hawasikii akiondoka.

Ukingoni amekaa Mayi Faineti, mlinzi wa kamati ya bwawa, mwenye daftari mapajani. Katika kila samaki watano, mmoja ni wa kijiji. Faineti anamwonyesha mwandishi Dévote kwa kidevu.

"Siku ya kwanza tulifikiri ni mchawi," anasema kwa Kichewa, akitafuna muwa. "Mwanamke anafika na gunia, anapuliza gunia, gunia linakuwa bwato. Ungefikiri nini wewe?"

Mpaka saa tatu, ndoo ina chambo tisa, perege wa huku, wa saizi ya kiganja. Ni nauli na chenji kidogo. Dévote anatupa ndoana tena. Hata Faineti ameacha muwa.

Kisha mshipi unakwenda upande, na boti nalo linageuka na kuufuata, taratibu, kama mbuzi anayevutwa sokoni.

"Mlamba!" anapaza sauti Faineti, akisimama.

Ni kambare, na si mtoto. Sasa hapa ndipo wavuvi wa ziwani hukosea. Mkono uliozoea mbao humvuta kambare na kumtupa nyuma mtumbwini bila kugeuka. Dévote, aliyelelewa akiwatazama wakifanya hivyo, alifanya hivyo hivyo mwezi wake wa kwanza. Kambare ana miiba miwili mashavuni, migumu kama sindano ya kushonea magunia. Viraka vinne kati ya kumi na kimoja ni vya asubuhi ile moja.

Leo anamleta ubavuni, anamshika chini ya kichwa ndani ya maji, anachukua koleo. Anakata mwiba wa kulia. Samaki anageuka. Inasikika sauti nyembamba, ndefu, kama mtu anayeita kwa siri.

"Amayi, bwato lanu likulira!" anapiga kelele Faineti. Boti lako linalia.

Dévote amekwisha kulisikia. Tundu liko juu ya maji, karibu na yule bata. Analiziba kwa dole gumba la kushoto. Sasa ana mkono mmoja, na mkono huo umeshika samaki, na kasia limelala gotini. Yuko hatua mia moja kutoka ukingoni na hajui kuogelea.

"Mwachie!" anasema Faineti. "Mwachie samaki!"

"Mwachie we!" linarudi jibu. "Wangu huyu ni saruji!"

Anaupeleka mshipi mdomoni, anauzungusha mara mbili kwenye dumu la kiunoni. Kambare anabaki majini, nyuma, akikokotwa. Kisha Dévote anapiga kasia kwa mkono wa kulia, boti likizunguka na kurudi, kuzunguka na kurudi, huku upande wa kushoto ukilegea na bata akianza kukunja uso.

Inachukua dakika ishirini. Faineti anaingia majini mpaka kifuani na khanga yake mpya, anashika kamba ya mbele.

"Zikomo, Mayi," anashukuru Dévote, akihema. Dole gumba bado liko palepale. Linamchukua muda kuliondoa.

Kambare anapimwa: kilo nane na nusu. Faineti anafungua daftari, anamtazama samaki, anatazama khanga yake inayochuruzika.

"Kijiji kitachukua chambo wawili," anasema. "Huyu sikumwona."

Alasiri ileile mpishi mmoja wa mgahawa karibu na Capital Hill, anakokula watumishi wa wizara, anamnunua mzima kwa kwacha elfu arobaini na mbili. Kwa chambo waliobaki, mifuko miwili inatimia, na nauli inapatikana kwa tabu.

Jumamosi, uani mwa kanisa Dzaleka, Evariste anapiga plasta. Tangu msingi amefanya kazi bila malipo. Anasema ana deni na lile boti.

"Kila Jumapili batoto bananiita Papa Mafuriko," analalamika, akilainisha kona. "Hii birika, hata tembo akae."

Mchungaji Gélase anazunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha anabonyeza ukuta kwa kidole aone kama kweli ni saruji. Kidole kinaacha alama. Evariste anaitazama alama, anamtazama mchungaji, anashusha pumzi na kuchukua mwiko tena.

"Bon," anasema Gélase. "Boti hapana ya kanisa tena. Mama Dévote, chukua mupira yako."

Vigelegele vya kwaya vinachukua muda kupoa.

Baadaye, nyumbani, Dévote amelitandaza boti kwenye jua na kulipaka povu la sabuni kutafuta pumzi nyingine inayovuja. Kiraka cha kumi na mbili kinakauka. Anauliza kama watu wanajua nauli ya kwenda Salima.

"Kule kuko ziwa ya kweli," anasema. "Bwawa unaona ng'ambo. Papa hajaona maji bila ng'ambo tangu tulikimbia. Mvua ikiisha nataka nimupeleke. Hata saa moja tu, akae ndani, mi nipige makasia, yeye aniambie nakosea wapi."

Kutoka kwenye kigoda chake mlangoni, Eliezer anacheka kwa dharau.

"Mwanaume wa Fizi apande mupira? Mupira wenye bata?" anasema. "Samaki batacheka mpaka bazame."

"Samaki bataogopa, papa."

"Mi sipande. Nimesema."

Mjadala unaishia hapo, kwa kuwa kwa Eliezer yakishasemwa yamesemwa. Dévote anamsindikiza mwandishi mpaka kwenye kona ya njia, wanaagana, anarudi.

Mlangoni anasimama. Mzee amempa mgongo. Ameuweka mguu wa kulia juu ya tofali, ameinama mpaka mgongo unatetemeka, na kwa wembe wa mkwewe anakata kucha ya kidole kikubwa.

Dévote anaingia ndani kumtafutia mkasi mzuri.