Sauti Iliyotambuliwa Kule Chini

Usinicheke. Haki ya Mungu, sikuwa nimelewa wala sikuwa mgonjwa, na ilikuwa saa nane mchana.

Kanisa letu la Kangemi lilipanga ziara ya kwenda mjini kuona ukumbusho wa watu walioteswa na serikali ya zamani. Ni vyumba vidogo, vyeusi, chini ya jengo, walimofungiwa watu kwenye maji. Mimi huuza misumari na rangi River Road, karibu tu na hapo, lakini sikuwahi kushuka. Wenzangu walimfuata mama aliyekuwa akitutembeza. Nikabaki nyuma, nikakohoa, nikajisemea, "Kwani watu waliishi humu?"

"Umerudi, afande?"

Mwanamume mwembamba alikuwa ameketi kwenye kona, kitambaa kimefungwa machoni. Suruali yake ilichuruzika maji. Sakafu, niamini, ilikuwa kavu kabisa.

"Mimi si afande, mzee."

"Sura yako sijawahi kuiona. Lakini hiyo sauti nitaisahauje? Barua yangu ulimpelekea mke wangu?"

 Nikarudi nyuma hatua moja.

"Wewe, unaongea na nani huko?" yule mama akaita. Nikageuka mara moja tu. Nilipotazama tena, hapakuwa na mtu. Nilipanda zile ngazi kama mwizi.

Sasa sikiliza. Mtu akipiga simu nyumbani, hawezi kunitofautisha na baba yangu. Ni sauti moja. Naye miaka yote ametuambia kwamba alikuwa karani wa serikali.

Jioni nilimkuta akinywa chai. "Baba, leo nimeshuka kule chini, mjini." Hayo tu.

Akaweka kikombe polepole. "Aliulizia barua?"

Sikuwa nimetaja barua yoyote! "Ulimpelekea mke wake?"

"Niliichoma. Wangeniona nayo, wangenifungia humo humo. Na wewe ulikuwa na miezi miwili."

Hadi leo hajaongeza neno. Tunakula meza moja tukitazama sahani. Nimerudi kule mara tatu nikamwulize yule mtu jina la mkewe, nimtafute. Hajatokea. Situlii. Kwenye simu hunong'ona, wateja wanadhani koo linaniuma.

Wewe unayepanga kwenda, nenda. Lakini kabla hujashuka, waulize wazee wako walifanya kazi gani miaka ile. Wakikwepa swali, basi ukiwa kule chini usifungue mdomo.