Wazee Wawili, Namba Moja

Nilipofika Mbulu kufundisha kompyuta, hapakuwa na kompyuta. Mkuu wa chuo, mama mmoja mwenye sauti ya kuongozea kwaya, alinifungulia chumba chenye meza kumi na mbili, ubao na kalenda ya kanisa, akasema, "Madam, unaona, kila kitu kipo tayari." Nikauliza kompyuta ziko wapi. "Zinakuja," akasema. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Morogoro na sweta moja jepesi, na muhula wote wa kwanza nilifundisha kwa chaki. Nilichora kibodi ubaoni, wanafunzi wakaja mmoja mmoja kuibonyeza. Mtihani walifaulu wote. Sijui hadi leo walifaulu nini.

Chuo chetu kilikuwa cha ufundi, kidogo, cha kanisa, upande wa Endagikot. Watu wote niliwapenda mapema isipokuwa wawili, ambao nao niliwapenda lakini walinitesa: mpishi na mlinzi. Wote walikuwa wazee wa hapohapo, wamekua pamoja, wamechunga pamoja, na kila mmoja alishikilia kwamba yeye ndiye mkubwa. Kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kumwamkia mwenzake. Wakikutana asubuhi walipeana "habari za leo" kama makarani wa benki. Siku yangu ya kwanza nilimpa mlinzi shikamoo kabla ya mpishi, na mchana nikapewa mchuzi usio na nyama. Nikajifunza. Nikiwakuta pamoja nilikuwa nasema "shikamooni" huku nimeangalia ukuta ulio katikati yao.

Faili za ofisini hazikusaidia. Huko wote wawili walikuwa vijana, wamejiandikisha miaka pungufu ili wasistaafishwe. Uani walikuwa wakongwe, ofisini hawajafika hata hamsini na tano.

Muhula wa pili kompyuta zikaja kweli. Benki moja ya Ulaya ilikuwa imebadilisha mashine zake, na zile za zamani, kubwa na nzito kama debe la mahindi, zikaletwa kwetu kama msaada. Ila kabla ya kuzitoa benki iling'oa diski zote, siri za wateja wao zisije zikajulikana Endagikot. Kompyuta bila diski haina pa kuweka kitu. Ukiiwasha inakutumbulia macho. Mashine moja tu ilisahauliwa ikaja na diski yake, kubwa kuliko zote, na hiyo nikaifanya seva, ya kuzihudumia nyingine.

Hapo nikajidai. Chuoni Dar nilisoma kidogo Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na nilijua kompyuta isiyo na diski inaweza kuwaka kwa kupitia waya. Ukiiwasha, inauliza kwenye mtandao: mimi ni namba fulani, kuna anayenijua? Seva inaangalia orodha yake. Ikiikuta namba hiyo inajibu, nakujua, folda yako hii hapa, kisha inaitumia mfumo mzima kidogo kidogo mpaka inaamka. Nilifunga Unix kwenye seva, nikatengeneza folda kumi na mbili, nikatandaza nyaya. Siku tatu sikulala mchana wala sikuongea na mtu vizuri. Nikawasha mashine ya kwanza.

Haikujua namba yake. Namba hukaa kwenye chipu yenye kibetri kidogo ndani, na vibetri vyote vilikuwa vimekufa zamani. Kumi na mbili zote zilitoa namba moja ileile isiyo na maana, kama watoto walioambiwa na mama yao wasimtajie mtu jina. Nililia. Nasema kweli, nilikaa kwenye boksi nikalia. Halafu nikasoma kitabu, nikagundua kwamba unaweza kuipa kompyuta namba kwa mkono: mistari minane ya kuandika, na namba yenyewe vipande sita, vitano vya mwanzo sawa kwa zote na cha mwisho tofauti. Mashine itaikumbuka namba hiyo mradi umeme usikatike.

Umeme usikatike. Mbulu.

Ndipo simu ikaja kutoka kwa mratibu wa ule msaada, aliyekuwa Arusha. Mkuu aliipokelea karibu na tangi la maji, mahali pekee ambapo simu yake ilishika, kwa hiyo chuo kizima kilisikia. Mratibu angekuja Ijumaa. Akizikuta kompyuta zote kumi na mbili zinafanya kazi, zinabaki. Ikipungua hata moja, zote zinahamia chuo kimoja cha Babati ambako, alisema, wana fundi.

Mkuu alikata simu akabaki ameishika. "Tulipotengwa na mkoa wa Arusha, makao makuu ya mkoa mpya wakapewa Babati," akasema. "Nikanyamaza. Mbulu ilikuwa mji, Babati ni mahali pa kuteremkia abiria, lakini nikanyamaza. Sasa wanataka na kompyuta?" Akanigeukia. "Madam, hawachukui."

Mimi nilikuwa na hofu yangu ndogo zaidi. Mwalimu wa kompyuta asiye na kompyuta huvumiliwa muhula mmoja. Wa pili anapandishwa basi la Morogoro.

Shida ilikuwa hesabu rahisi. Peke yangu, kuzipa namba mashine zote kulinichukua karibu saa nzima, na umeme wetu ulikuwa na tabia ya kukatika kila mgeni anapoonekana. Mkuu akasema kinachosemwa huko kazi ikimzidi mtu mmoja: tuite msaragambo. Wanafunzi walikuwa likizo, wako makwao wanavuna maharage, na walimu wa mikoani wamesafiri. Waliobaki walikuwa dereva, mtu wa stoo, mama wa usafi, fundi seremala, mpishi, mlinzi na wengine wa namna hiyo, wengi hawajawahi kugusa kibodi. Kila mmoja akapewa mashine yake na namba yake, kama watu wanavyogawana mistari ya kupalilia.

Mkuu aliitia ile mistari minane kwenye sauti ya kwaya. Besi walianza, soprano wakajibu, na kila mtu mwishoni akaimba namba yake mwenyewe. Jumanne tulitumia dakika arobaini. Jumatano, saba. Mama wa usafi, aliyekuwa akiifuta ile kibodi kwa kitambaa kila anapotaka kubonyeza, alikuwa wa kwanza kumaliza kila mara, na alianza kuwaonea wenzake huruma waziwazi.

Jumatano hiyo jioni dereva alinivuta pembeni. "Madam, watu wananong'ona."

"Nini tena?"

"Zile namba. Umempa kijana wa stoo namba moja. Mlinzi umempa tano, mpishi tisa. Wazee wale. Haipendezi."

Nilikuwa nimechoka, na hasira zangu huwa hazibishi hodi. "Ni namba tu!" nikamwambia. "Hazina cheo! Kama zinawauma, jipangeni wenyewe mnavyotaka, mradi kila mtu awe na yake!" Akasema sawa, akaenda akiwa ameridhika kabisa. Nilipaswa kushtuka pale pale aliporidhika.

Alhamisi umeme haukuwepo kutwa, na dizeli ya jenereta tuliiweka kwa ajili ya mgeni, hivyo hatukufanya mazoezi. Ijumaa umeme ulirudi alfajiri. Sikutaka kubahatisha. Nikaenda peke yangu nikaziandika zote kwa mkono wangu, na saa nne kompyuta kumi na mbili zilikuwa zinawaka kama mishumaa ya Pasaka. Mratibu alifika saa nne na nusu. Alikuja na lori. Ndani ya lori kulikuwa na maboksi matupu kumi na matatu na mpakizi mmoja, na nilipoyaona nikajua mwenzetu alishaamua tangu Arusha.

Hata hivyo alikuwa mtu wa haki. Aliingia, akaangalia, akastaajabu. Akahesabu kwa kidole. Alikuwa amefika ya kumi na moja umeme ulipokatika.

Mkuu hakupepesa. "Dereva, jenereta. Wengine, kazini!" Jenereta ikakohoa ikawaka, seva ikaamka yenyewe, na watu wetu wakakaa kila mtu mbele ya mashine yake, wakaanza kuimba na kuandika. Mratibu alifungua mdomo. Mpakizi alichungulia dirishani akaanza kuitikia besi. Dakika sita baadaye mama wa usafi alikunja mikono, mashine yake inawaka, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka kumi.

Mbili zikagoma. Ya mlangoni ilianza kuamka, ikasimama. Iliposimama, ya dirishani ikaanza. Hiyo ikasimama, ya mlangoni ikajaribu tena. Nilipita chini ya meza kukagua nyaya, nikavuta hii, nikachomeka ile. Juu nikamsikia mratibu akitazama saa na kusema kwa upole, "Madam, mmejitahidi sana," na kisha, kwa mpakizi, "Lete maboksi."

Nilipoinuka ndipo nikasoma vioo vya mashine. Mlangoni alikaa mlinzi, namba moja. Dirishani mpishi, namba moja. Walikuwa wamejipanga kwa umri kama nilivyowaruhusu: dereva tatu, seremala nne, mpaka kijana wa stoo kumi na mbili. Namba mbili hakuna aliyeigusa, kwa kuwa kila mtu alijua ni ya mmoja wa wale wazee. Wao tu ndio hawakukubaliana ni yupi. Seva maskini ilikuwa inaitwa na wawili kwa jina moja, ikimsaidia huyu ikamwacha yule.

"Mmoja aandike mbili," nikasema. "Tafadhali. Yeyote."

"Huyo," akasema mlinzi. "Mimi nilikuwa nachunga ndama yeye bado anabebwa mgongoni."

"Mgongoni kwa nani?" akauliza mpishi. "Mwaka wa nzige mimi nilikuwa nakimbiza nzige. Yeye alikuwa anawala."

Nikanyoosha mkono kuiandika mwenyewe kwenye mashine ya mlinzi. Akaweka kiganja chake juu ya kibodi, taratibu, bila kunitazama. Kilikuwa kiganja kipana, kina kovu la panga. Ningekiondoa vipi? Nikamgeukia mkuu. Mkuu, aliyekuwa haogopi hata askofu, aliwaangalia wale wawili ambao amewaamkia wote kila siku ya kazi, akashindwa kuchagua. Niliona machozi yakimlengalenga. Mpakizi alikuwa ameshaingia na boksi la kwanza, akaanza na mashine ya mama wa usafi. Akachomoa waya. Mwanga ukazimika, na yule mama akabaki amekaa wima mbele ya kioo cheusi, kitambaa chake mkononi, akisema, "Lakini yangu ilikuwa inawaka. Yangu ilikuwa inawaka."

Mlinzi alimtazama. Akaondoa kiganja. Akasimama, akavuka chumba chote, akasimama mbele ya mpishi, akavua kofia.

"Shikamoo," akasema.

Mpishi alitazama ile kofia, akatazama sakafu. Mwishowe ikatoka, ndogo sana: "Marahaba."

Mlinzi alirudi kwenye kiti chake, akazima mashine, akawasha, akaandika mistari minane bila kuimba. Mwishoni akaandika mbili. Mama wa usafi alimpokonya mpakizi waya, akauchomeka mwenyewe, akaandika mistari yake upya. Mratibu alihesabu tena, mara hii mpaka kumi na mbili, akatia sahihi karatasi zake, na lori likaondoka na maboksi yake matupu. Mkuu alilisindikiza hadi getini akilipungia mkono kwa furaha ambayo haikuwa ya Kikristo kabisa.

Jumatatu umeme ulikatika tena, saa tatu asubuhi. Hapakuwa na mgeni, hapakuwa na haraka. Watu wakaketi, wakaimba, wakaandika. Zikawaka kumi. Ya mlangoni ikaanza ikasimama, ya dirishani ikaanza ikasimama.

Nilikwenda kusoma vioo nikiwa nimeshakunja uso. Mlangoni, namba mbili. Dirishani, namba mbili.

"Mzee," nikamwambia mpishi, "wewe si ndiye namba moja?"

"Ile marahaba imenikaa hapa," akasema, akagusa koo. "Tangu Ijumaa, mwalimu, nawapikia watu, mimi mwenyewe sili. Yule ndiye mkubwa. Aandike moja yeye."

Nikavuka hadi mlangoni. Mlinzi hakungoja swali. "Nimeshatoa shikamoo mbele ya watu," akasema. "Haitoki mdomoni ikarudi."

Hasira zilinipanda, zikafika shingoni, zikaishia hapo. Nikawaambia basi kaeni nayo wenyewe, mtaamua, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilikuta kumi zinawaka na mbili ziko giza. Kila mmoja alikuwa ameizima ya kwake, amekaa mikono mapajani, anangoja ya mwenzake iwake kwanza.