Kiu ya Kashata

Harufu ya dagaa wanaochemka pamoja na unga wa dona hainipiti hivihivi. Hapa Sinza ninapoishi sasa, jirani yangu anafuga mbwa wawili, na kila jioni huwapikia nje ya geti kwenye sufuria lililokwisha kuwa jeusi. Wapangaji wenzangu hufunga madirisha wakilalamika. Mie hulifungua langu, nikasimama hapo kidogo na mwiko mkononi, hata mboga yangu ikaungua.

Huo ndio ulikuwa mlo wa Kashata.

Tulihamia Chanika nikiwa bado mdogo, wakati nyumba zilikuwa chache na katikati yake kumejaa mihogo. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa Njombe, mwenye jibu kwa kila swali, hata lile usilouliza. Nyumba yetu haikuwa na lipu wala ukuta wa kuizunguka, ila uzio wa michongoma tu, na baba akaona tutafute mbwa wa kulinda. Tukaletewa katoto kenye rangi ileile ya kashata za karanga alizokuwa akipika jirani yetu, Bibi Mwanahawa. Jina nililitoa mimi. Bibi aliposikia alishika kiuno.

“Mke mwenzangu, yaani mbwa umempa jina la biashara yangu? Sasa nani atanunua?”

Alikuwa ananiita mke mwenzake kwa utani wa bibi na mjukuu. Yeye alikuwa Mzaramo wa palepale, mcha Mungu, na mbwa hakutaka hata amkaribie, asije akamtia najisi. Alitembea na kifimbo chembamba cha kumwonyesha Kashata mpaka. Kashata naye aliuelewa. Alikaa upande wetu wa michongoma, mkia ukifagia vumbi, akimsikiliza bibi anavyoimba kaswida kando ya jiko lake. Walikuwa na maelewano yao wale wawili.

Kwangu, mlinzi yule hakulinda kitu. Nikitoka shule alikuwa ananinusa kuanzia viatu hadi mkoba, kisha anakimbia kuizunguka nyumba kama aliyepewa habari njema. Tulikuwa na mchezo wetu: mie najificha nyuma ya simtanki la maji na kupiga mluzi, yeye anajifanya hajui nilipo.

Asubuhi moja ya masika hakuja. Nilimkuta amejikunyata pembeni ya ukuta, shingo imekakamaa kama ya mtu aliyelala vibaya. Nilipomgusa kisogoni alilia. Hakubweka, alilia, sauti nyembamba ambayo sikujua kama mbwa anayo. Nikarudisha mkono haraka, nikauangalia, nikidhani labda nimeshika kitu.

Hapo ndipo kila mtu alipokuja na lake. Mama alisema amekula sumu ya panya. Fundi aliyekuwa akipita alisema nyoka. Daktari wa mifugo wa kwanza alisema homa ya kupe, akamchoma sindano, na Kashata akaamka mchana ule akala, kisha kesho yake akalala tena vibaya zaidi. Mie nilizunguka na majibu hayo yote kichwani, nikitafuta kupe, nikitafuta alama ya meno ya nyoka, nikinusa midomo yake kama nitasikia harufu ya sumu.

Mwishowe baba alikodi bajaji, tukamfunga Kashata kwenye kitenge cha mama, tukampeleka kwa daktari mwingine, mama mmoja mpole aliyekuwa na kliniki yake upande wa Buguruni. Alimpapasa taratibu, akamtoa damu, akarudi amevua glavu.

“Mwalimu, nikwambie ukweli. Sijui.”

“Hujui?” Baba alilitamka neno lile kama vile ni la kabila jingine.

“Panapomuuma napahisi. Kuna uvimbe kwenye utando unaofunika uti wa mgongo. Ila kilichouleta sijakiona. Mbwa wenye umri mdogo kama huyu huupata ugonjwa huu, mwili unaamka tu siku moja na kuanza kujishambulia wenyewe.”

Njia nzima ya kurudi niliwaza jambo hilo. Nilijaribu kuupiga mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto nione kama mwili unaweza kujikasirikia. Uliuma, ila sikuelewa zaidi.

Tulipewa vidonge vidogo vyeupe. Daktari alimwonya baba asivikatishe ghafla hata iweje, vipunguzwe polepole atakavyoelekeza. “Atakuwa na kiu,” alisema, “na njaa, na atakojoa sana. Msishangae.” Mie niliyasikia hayo nikafurahi. Mgonjwa anayekula na kunywa, kwa akili yangu, ameshapona.

Na kweli, haikupita muda Kashata alisimama. Nilikimbia kumwambia Bibi Mwanahawa, naye akasema alhamdulillah, kisha akajishtukia kwamba ameisema kwa ajili ya mbwa, akacheka.

Halafu ikaja kiu.

Alikunywa maji yake yakaisha. Akanywa ya kuku. Akanywa ya kupigia deki, na povu lake. Nikiwa naoga alisukuma mlango wa bafu la makuti akanywa ya kwenye ndoo huku mie bado nina sabuni machoni. Kisha akawa anakojoa popote, sebuleni, kwenye mkeka, mlangoni, na akimaliza anaugeukia ukuta asituangalie. Njaa nayo ikaja. Alikula ugali, akala kandambili ya baba, akala kipande cha sabuni ya mche. Mama alipika maharage ya familia, akageuka kuchukua chumvi, aliporudi sufuria limelambwa hadi linang'aa.

“Mgonjwa haulizwi uji,” mama alisema, “lakini huyu haulizwi na sufuria lenyewe.”

Tulicheka siku hiyo. Baadaye kicheko kiliisha. Tumbo lake likawa duara kama ngoma huku miguu inasinyaa. Manyoya yakamtoka mgongoni. Alihema mchana na asubuhi ya baridi vilevile, ulimi nje, udenda ukidondoka, macho yako kwangu lakini hayaniangalii. Nikapiga mluzi nyuma ya simtanki. Hakuja, hakujifanya hajui nilipo. Hakuwa amesikia kitu.

Jioni moja nilimwekea chakula, nikainama kumpapasa kama siku zote. Midomo yake ikapanda, nikayaona meno yote, na sauti ikatoka chini kabisa kifuani. Nilirudi nyuma taratibu nikakaa kwenye tofali. Sikulia mara moja. Nilikuwa najaribu kuelewa ni nani yule.

“Baba,” nilimuuliza, “Kashata anaumwa au amepona?”

“Amepona, anaumwa.” Akakuna kidevu. “Yaani, ugonjwa unapungua, dawa nayo inamsumbua. Sijui nikwambieje, Tuma.”

Mie nilishafanya uamuzi wangu. Daktari alituchukulia Kashata wetu akaturudishia mwingine anayefanana naye. Nikawa naota mbwa wangu amefungwa Buguruni ananisubiri.

Siku za likizo zilipofika ndipo yakatokea ya kutokea. Kashata alipenya kwenye michongoma akaingia barabarani, akinusa. Mtoto mmoja alikuwa anapita na sahani ya vitumbua. Kashata akamfuata akiyumba, udenda ukining'inia, mtoto akaitupa sahani na kukimbia akipiga mayowe. Mbwa alikula vitumbua, hakumgusa mtu. Lakini mtaani neno lilikuwa limeshafika kabla yake: kichaa.

Alasiri hiyohiyo mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuja, na nyuma yake wanaume wenye mapanga na magongo.

“Mwalimu, tunakuheshimu,” mjumbe alisema. “Ila tumekuja kwa ishu ya mbwa. Anatoa udenda, anahema, anayumba. Tusubiri mpaka ang'ate mtoto?”

“Amechanjwa huyu,” baba alisema. “Ni dawa anazotumia. Mwili wake ulikuwa unajishambulia wenyewe, sasa daktari...”

“Unajishambuliaje, mwalimu?”

Hata mie niliyekuwa nimemkumbatia mama kiunoni nilisikia jinsi maelezo yale yalivyofanana na uongo. Kashata alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kibaraza, akiwatazama wageni na kuhema. Na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu ni kwamba dakika ile sikujua ninataka nini. Kama yule si Kashata, kwa nini moyo ulikuwa unanienda mbio hivi?

Mara michongoma ikatikisika. Bibi Mwanahawa alikuwa anapita kwenye upenyo, yeye ambaye hakuwahi kuvuka mpaka ule mbwa akiwepo. Kifimbo kwapani, beseni la maji mikononi.

“Shikamoo bibi,” wakasema wote, magongo yakashuka kidogo.

“Marahaba. Nyie wajukuu zangu, mie nimezaliwa hapahapa. Mbwa wa kichaa nimewaona kabla mama zenu hawajaolewa. Mwenye kichaa maji hayapiti kooni. Anayaogopa. Haya, tazameni.”

Akaliweka beseni chini, akalisukuma kwa kifimbo. Kashata akaingiza kichwa. Akanywa. Akanywa hadi watu wakaanza kutazamana. Akalamba beseni lote mpaka likapinduka, maji ya mwisho yakamrukia bibi kwenye kanga. Kisha Kashata akainua macho akatafuta mengine, na kwa kuwa yale ya kwanza yalishafika, akakojoa palepale, mkondo ukaelekea viatu vya mjumbe.

Aliyeanza kucheka simkumbuki. Nakumbuka tu kwamba mjumbe naye alicheka, akiruka.

“Basi afungwe,” alisema. “Mpaka apone asionekane njiani.”

“Atafungwa,” baba alijibu.

Bibi Mwanahawa aliishika kanga yake kwa ncha za vidole, akijua kazi iliyomsubiri ya kuiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kama dini yake inavyotaka kwa kitu kilichopata mate ya mbwa. “Hilo beseni msinirudishie,” aliniambia, akarudi kwake kupitia upenyo uleule.

Nilipokua niliuliza, nikaambiwa ushahidi ule haukuwa wa kutegemea, kwamba mbwa mwenye kichaa huweza kuonekana anakunywa. Kwa hiyo Kashata aliokolewa na madhara ya dawa yake mwenyewe, na kwa hoja isiyotimia. Bado sijui niliweke wapi jambo hilo.

Vidonge vilipunguzwa, vikawa nusu, vikawa robo, halafu visivyo na jina la ukubwa. Manyoya yakaota. Kiu ikapoa. Mie niliendelea kumwekea chakula kwa kukisukuma na fagio. Asubuhi moja nikiwa naosha vyombo alikuja akaweka kidevu juu ya mguu wangu, akaacha uzito wote hapo. Sikuthubutu kusogea. Sahani iliyokuwa mkononi niliishika mpaka sabuni ikanikaukia vidoleni.

Aliishi mpaka nilipokuwa sekondari, akafa kwa uzee, amelala. Ugonjwa ule haukurudi, na hakuna aliyewahi kutuambia ulitoka wapi.

Mwaka jana mama alianza kuumwa viungo. Baada ya vipimo vingi aliandikiwa vidonge vya jamii ileile. Uso ukamvimba, akawa anaamka kutafuta chakula kabla jua halijachomoza, na siku moja alinifokea kwa sababu ya chai mpaka utadhani hata vikombe vimemwogopa. Kisha akakaa kitandani, akaishika mikono yake kama si yake.

“Tuma, hivi mie ndo nimekuwa mkali namna hii?”

“Ni dawa, mama. Zitapunguzwa. Utarudi.”

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akatulia. Kumbe alichohitaji kilikuwa hicho tu, mtu wa kumwambia kinachomtokea. Nilitoka nje nikakaa ngazini, na baada ya miaka yote hiyo nikamlilia Kashata. Utotoni nilidhani mimi ndiye niliyepotelewa, mimi ndiye nisiyeelewa. Lakini mie nilikuwa na baba wa kumuuliza, hata kama jibu lake lilikuwa sijui. Kashata aliamka siku moja shingo inamuuma, akalishwa vitu vyeupe, kiu ikamkamata, hasira ikampanda kwa mtoto aliyempenda, na hakuwa na hata mmoja wa kumuuliza kwa nini.